Nyonga za Babu Mwindaji

Nchi yenyewe haina jina, au ilikuwa nalo likabadilishwa mara nyingi hata wenyeji wakachoka kulikariri. Si nchi yako, msomaji, wala si yangu. Ukikuta humu kitu unachokifahamu, hayo ni macho yako. Mimi nimeambiwa tu, nami nakwambia.

Katika nchi hiyo Mzee Mkuu, Baba wa Wote, alisafiri siku moja kwa ndege kwenda kutazamwa meno ughaibuni. Njiani mawingu yakamchosha, akachomoa jarida lililokuwa kwenye mfuko wa kiti cha mbele yake. Akakuta makala ndefu juu ya binadamu wa kale: jinsi mwanamume alivyowinda na mwanamke akachuma matunda, na jinsi mambo hayo yalivyoingia damuni yakakaa, hata leo mwanamke akapenda mabega mapana na mwanamume akavutwa na nyonga pana. Mzee Mkuu alisoma kwa hamu ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa ripoti yoyote ya mkaguzi. Alipofika katikati, penye maneno "Hata hivyo, uchunguzi wa karibuni unaonyesha," ndege ikatua, na jarida likabaki kitini.

Miezi mitatu baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Kurejea Asili.

Polisi walisita kidogo mwanzoni. Nadharia yenyewe inaitwa mageuko, na mageuko ni ndugu wa damu wa mageuzi, na mageuzi katika nchi hiyo yana kifungo cha miaka tisa. Lakini walipohakikishiwa kwamba mageuko yalikwisha zamani sana na hayana mpango wa kurudi, roho zikawatulia. Ikaundwa Wizara ya Maumbile, ndani yake ikawekwa Idara ya Mvuto, na juu ya Idara akakalishwa Kamishna, Profesa Kilindo, msomi mkubwa aliyepata shahada yake kwa utafiti wa chakula cha kuku wa mayai.

Haya yote yangempita Siwatu binti Makungu kama mvua ya mtaa wa pili, lau si kwamba alitaka kuolewa.

*

Siwatu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la mitumba, aliirithi kwa baba yake pamoja na ile miwani myeusi iliyounguzwa pembeni. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Katika ndoa yake ya kwanza mimba mbili zilitoka, na mume naye akatoka. Tangu hapo alijizoesha kulala katikati ya kitanda.

Kisha akaja Pandu, mwalimu wa chekechea, mwembamba, mabega yake yamelala kama ya chupa. Alikuja kutengenezewa bembea ya watoto wake wa darasani, akarudi kuuliza kama bembea ina kutu, akarudi tena kuuliza kama kutu huambukiza. Mwaka wa nne wa uchumba wao Siwatu akashika mimba, na hii ikapita miezi mitatu bila kutetereka. Alikuwa akienda chooni kwa hofu na kutoka kwa shukrani. Hakuthubutu kuinunulia hata soksi.

Na sheria ilisema wazi: mtoto atakayezaliwa na watu ambao ndoa yao haikuthibitishwa na Idara ya Mvuto ni Mtoto wa Serikali, na atalelewa katika Bweni la Taifa hadi baba yake athibitike kuwa mwindaji. Wakafunga safari kwenda Idarani.

Dirishani waliketi mbele ya karani aliyeitwa Zamoyoni, kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni na futi ya fundi cherehani shingoni. Alimpima Pandu mabega, akaguna. Akampima Siwatu nyonga, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akafunua fomu.

"Dada, ulimpendea nini huyu bwana?"

Siwatu alifikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Kila mteja anayekuja karakanani," alisema, "huuliza kazi itakwisha lini. Yeye siku ya kwanza aliniuliza kama macho hayaniumi."

Zamoyoni alishusha kidole kwenye fomu, taratibu, mstari kwa mstari. "Nina mabega. Nina ngurumo ya sauti. Nina uwezo wa kuua. Macho hayamo."

"Basi andika kwamba ananichekesha."

"Kucheka nako hakumo, dada. Mwanamke wa kale hakucheka, alikuwa akichuma." Akamgeukia Pandu. "Na wewe bwana, nyonga?"

"Ziko nzuri," Pandu alisema kwa adabu, "lakini mimi hupenda zaidi anavyonyamaza akifikiri jambo. Hung'ata mdomo hapa pembeni."

Karani akaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA MVUTO. Akaupiga muhuri, akapuliza wino. "Msife moyo. Bwana akifaulu Mtihani wa Windo, upungufu wote husamehewa."

*

Mtihani ulifanyika Uwanja wa Taifa, mbele ya jukwaa la wageni waalikwa. Kila mwombaji alifunguliwa sungura mmoja, akapewa robo saa. Meneja wa benki alipita mbio, tai imempanda begani, akajigonga kwenye mlingoti wa goli. Daktari wa mifupa aliteguka kiuno, na kwa kuwa daktari wa mifupa alikuwa yeye, akabaki hapo hapo. Waliofaulu walikuwa wale waliokuja na sungura wao kutoka nyumbani, wamewaficha ndani ya koti.

Zamu ya Pandu ilipofika alikaa chini kwenye nyasi, kama alivyokaa na watoto wa miaka minne wanapoogopa siku ya kwanza. Akachuma majani. Hakumtazama sungura. Uwanja ukaanza kupiga miluzi. Siwatu, kule alikokaa upande wa wanawake na kikapu cha kuchumia alichogawiwa mlangoni, alihisi shingo ikimchoma. Dakika ya kumi na moja sungura akasogea, akanusa kiatu, akapanda mapajani, akajikunyata.

Mwamuzi alipuliza filimbi kwa hasira. "Ameshindwa! Mnyama hakukimbia!"

"Lakini ninaye," Pandu alisema, akiwa amemshika.

"Umembembeleza! Babu zetu hawakubembeleza!"

Walirudi nyumbani kwa miguu. Siwatu alikuwa na ujauzito wa miezi mitano, na jua lilikuwa la kuanikia dagaa. Alijitahidi kunyamaza mpaka walipofika kwenye mtaro mkubwa, hapo ikamshinda.

"Kwani ungemrukia tu ungepungukiwa nini?"

"Nilimkamata, Siwatu."

"Mapajani! Mbele ya watu elfu mbili! Mtoto wangu atalala bwenini kwa sababu wewe hukutaka kukunja uso robo saa. Robo saa, Pandu! Mwanamume mzima!"

Pandu alisimama. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. "Kumbe na wewe una futi," alisema, akashika njia ya kwao.

Wiki hiyo yalimwandama mengine. Barua ilikuja kumwarifu kwamba leseni ya karakana imefutwa, kwa kuwa mwanamke wa kale hakushika chuma. Hakuna aliyethubutu kukumbusha kwamba enzi hizo chuma chenyewe hakikuwapo. Pandu naye akaondolewa chekechea: mwindaji hawezi kukaa kwenye kiti kifupi. Badala yake akaletwa sajenti mstaafu, na watoto wakajifunza kulia kwa foleni.

Siku ya nne Siwatu alimfuata Pandu kwao. Alimkuta uani anaanua nguo za mama yake.

"Niwie radhi," alisema. "Nilisema maneno ya dirishani."

Pandu aliikunja kanga kwanza, pembe kwa pembe. "Nilikuwa naogopa ningemvunja mgongo," alisema. "Yule sungura. Ndiyo maana sikumrukia. Nilitaka kukwambia, nikaona aibu."

Siwatu akamsaidia kuanua zilizobaki.

*

Mimba ilikuwa ya miezi sita Siwatu alipoitwa kufanya kazi ya mwisho. Makumbusho ya Taifa yalikuwa yakijiandaa kwa sherehe za Babu Mwindaji, na fremu ya chuma ya kumsimamishia Babu ilikuwa imewashinda wanaume saba wenye leseni. Aliruhusiwa kuichomelea kwa sharti kwamba asionekane.

Babu Mwindaji alikuwa mifupa kamili ya mtu wa kale iliyochimbwa pangoni, pamoja na mkuki wake. Sura yake ilikuwa kwenye noti, kwenye stempu, na kwenye mifuko ya unga. Ilidaiwa kwamba vipimo vyote vya Wizara vilitokana naye, ingawa hakuna ofisa aliyewahi kufika kumpima.

Aliyemtunza alikuwa mama wa makamo, Bi. Mashavu, aliyefanya kazi na mifupa miaka ishirini na tisa.

"Shikamoo, mama," Siwatu alisema. "Nahitaji vipimo vya mzee ili fremu imkae. Upana wa kiunoni nilioandikiwa hapa ni mdogo. Hataingia."

"Marahaba. Walikuandikia kwa kukisia." Bi. Mashavu alichungulia mlangoni, akaurudisha. Akafunua shuka. "Pima mwenyewe."

Siwatu akapima. Akapima tena. Alikuwa fundi, milimita zilikuwa zinamwambia mambo. Akajishika kiuno chake bila kujua, akatazama tena ule mfupa mpana uliopinda kama beseni.

"Mama..."

"Sema, mwanangu."

"Huyu ni mwanamke."

"Tangu siku walipomtoa pangoni. Na ule mkuki ni wake. Mfupa wa mkono wa kulia umenenepa kwa kuutumia. Niliandika ripoti mara sita. Walinijibu mara moja, wakaniuliza nani amenituma."

Siwatu aliketi kwenye sanduku. Mtoto alimpiga teke ubavuni. "Basi uwongo wote huu... Kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa tukiwinda?"

"Usiniletee sheria nyingine," Bi. Mashavu alisema kwa ukali. "Huyu mmoja aliwinda. Wengine sijui. Mifupa inaniambia alikula nini na aliumia wapi. Hainiambii alimpenda nani, wala nani alipika. Kila anayekuja hapa anataka mifupa imwambie kile alichokuja nacho mfukoni."

"Twende kwa Kamishna," Siwatu alisema. "Wewe na mimi. Akiona kwa macho yake atafanyaje? Atakataa mfupa?"

Bi. Mashavu alimtazama kwa huruma ambayo Siwatu hakuielewa hadi baadaye.

*

Kikao kiliitishwa haraka, maana jambo lilimgusa mtu aliyechapwa kwenye noti. Wajumbe walikuwa kumi na wanne, wote wanaume wa mabega. Bi. Mashavu na Siwatu walileta mifupa na mkuki wake, na Bi. Mashavu akaeleza kwa utulivu, akionyesha kwa fimbo. Siwatu alithibitisha vipimo. Mjumbe mmoja aliyekuwa karibu na mifupa akavuta kiti nyuma kidogo na kufunga kifungo cha koti, kama aliyegundua yuko mbele ya mke wa mtu.

Profesa Kilindo akainuka.

"Ndugu wajumbe," alisema, "sayansi ni bahari, lakini bahari nayo ina wizara yake. Tumeambiwa hapa kwamba mfupa huu ni wa mwanamke. Nauliza: tumeambiwa na nani? Na mfupa! Je, mfupa unaijua sheria kuliko Bunge? Sheria imetamka kwamba aliyewinda ni mwanamume. Huyu aliwinda, mkuki wake huu hapa. Kwa hiyo huyu ni mwanamume. Kama nyonga zake ni pana, basi tumejifunza leo, kwa fahari kubwa, kwamba nyonga pana ni alama ya mwanamume. Huo, ndugu wajumbe, ndio utafiti!"

Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Siwatu alijua chuma kikaidi, kinachokataa kushika, lakini hata hicho ukikipasha moto wa kutosha hufika mahali kikalainika. Hapa alikuwa amepasha moto asubuhi nzima.

Bi. Mashavu alistaafishwa kabla ya chai. Alasiri likatoka Tangazo la Serikali: nyonga za Babu ni za kiume, pamoja na nyonga nyingine zote zilizo mfano wake, popote zilipo. Raia wote wapimwe upya. Maofisa wa ngazi ya Kamishna na kuendelea wasipimwe, kwa kuwa nyonga zao ni siri ya serikali.

*

Zamoyoni alimzungushia Siwatu futi juu ya tumbo la miezi saba. Akasoma namba, akalinganisha na tangazo, akasimama wima.

"Hongera, Bwana Siwatu."

Kisha akampima Pandu. "Bi. Pandu, karibu ukae, usije ukachoka."

Walitazamana. Pandu ndiye aliyeanza. Mabega yake ya chupa yakatikisika, na Siwatu akamfuata, wakacheka mpaka machozi, wakashikana wasianguke, na foleni nzima nyuma yao ikacheka bila kujua sababu. Karani alisubiri wamalize. Alisema mvuto sasa umeonekana, ila ni wa upande wa pili. Bwana Siwatu hana haja ya Mtihani wa Windo kwa kuwa aliwahi kuhudhuria uwanjani. Akagonga muhuri. Wakawa mume na mke.

"Ila mimi ndiye mke," Siwatu alisema.

"Usituharibie, Bwana Siwatu," karani alimnong'oneza. "Mambo yamenyooka."

Na kweli yalinyooka. Siwatu akarudishiwa leseni, kwa sababu mwanamume wa kale angeshika chuma kama kingekuwapo. Pandu akarudi chekechea. Sajenti akaondoka, na watoto wakaanza tena kulia ovyo kama watoto. Jirani mmoja, mtu mwema, aliwaambia wawe wavumilivu na serikali: mnaona, ukiingoja huja yenyewe mpaka ulipo. Kwa wiki chache Siwatu karibu aamini. Alinunua soksi mbili, za manjano, akaziweka chini ya mto.

*

Uchungu ulimshika asubuhi, karakanani. Pandu alimkimbiza hospitali ya serikali, na muuguzi wa mapokezi akasoma kitambulisho.

"Wodi ya wazazi haipokei wanaume."

"Dada, mtazame!" Pandu alipiga kelele. Hakuna aliyewahi kumsikia Pandu akipiga kelele.

"Namtazama, mama. Lakini nasoma hapa."

Wakampeleka wodi ya wanaume, akalazwa kati ya wagonjwa wawili wa ngiri, na kwenye cheti juu ya kitanda wakaandika: uvimbe wa tumbo, unatembea. Mzee mmoja wa ngiri, aliyekuwa na watoto tisa na wajukuu asiowajua idadi, ndiye aliyeinuka, mkono mmoja ameshika kidonda chake, akaenda kumwita mkunga kwa jina lake na kumuuliza mama yake mzazi angejisikiaje akisikia haya. Mkunga akaja kwa mlango wa nyuma. Saa saba na nusu mchana akazaliwa mtoto wa kike, mweusi, mwenye hasira, sauti yake ikavuka wodi tatu. Siwatu alimshika kifuani kwa mikono yote miwili. Wanaume wa ngiri wakageukia ukutani kwa heshima, na mmoja alikuwa akifuta macho.

Siku ya saba wakaenda kumwandikisha.

Zamoyoni alisoma karatasi ya hospitali mara mbili, midomo ikichezacheza. "Hapa pameandikwa Bwana Siwatu aliondolewa uvimbe. Kilo tatu na robo. Pole sana, bwana. Uvimbe hauandikishwi."

"Ni mtoto," Siwatu alisema. "Huyu hapa."

"Mama yake nani?"

"Mimi."

"Wewe ni mwanamume. Mwanamume hazai."

"Basi andika mimi," Pandu alisema. "Mimi si mke? Nimezaa mimi."

"Bi. Pandu, karatasi ya hospitali yako iko wapi?"

"Sikulazwa."

"Basi hukuzaa." Karani alikuwa na jasho kwenye paji. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na mtoto wake nyumbani, wa rika hilo hilo. "Nisikilizeni. Aliyelazwa hawezi kuzaa. Anayeweza kuzaa hakulazwa. Kwa hiyo hakuna aliyezaa. Na kama hakuna aliyezaa, basi... si mnaona wenyewe? Hata bwenini hawamchukui. Mshukuru hilo."

"Na shule?" Siwatu aliuliza. "Na chanjo? Akiugua nitamwandikisha nini, uvimbe?"

Karani alipanga kalamu zake nne kwa urefu, akazipangua.

Siwatu alikuwa amejibu maswali miezi sita. Amepimwa, amepimiwa mume, amebeba kikapu, amebeba mfupa, amekuwa mwanamume na akashukuru. Alihisi hasira imemjaa mpaka kwenye meno, na hakuona mahali pa kuitua: mbele yake palikuwa na kijana mwenye futi, nyuma ya kijana palikuwa na ukuta. Alifungua fundo la kanga. Akamweka mtoto juu ya kaunta, juu ya fomu zenyewe, akarudi nyuma hatua moja.

Mtoto aliona baridi ya ubao. Akakunja uso, akavuta pumzi ndefu, akaangua kilio.

Kwenye madirisha mengine makarani wakainua vichwa. Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka kidogo, na sauti ya Profesa Kilindo ikatoka, imeudhika: "Zamoyoni! Nani huyo anayelia?"

Zamoyoni alilitazama daftari, akamtazama mtoto, akalirudia daftari.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa," alijibu, naye ameziba masikio yote mawili.